Chetezo cha Umeme

Wenzangu, nimeadhirika. Leo hii, baada ya alasiri, Kibokoni, sebuleni kwa mama mkwe wangu, mbele ya wageni wa posa. Naandika kwa mkono mmoja. Wa pili umepakwa asali, na hakuna anayenionea huruma, hata mke wangu Salha.

Nianze na uongo, maana ndio uliozaa yote. Mama mkwe, Bi. Ruqia, hataki kusikia habari za tumbaku. Mumewe, Mungu amrehemu, aliondoka na kikohozi cha sigara, na tangu hapo ameapa hakuna mvutaji atakayeoa kwake. Mimi kabla ya kumuoa Salha nilikula yamini kwamba nimeacha. Na sigara niliacha kweli. Nikahamia ya umeme. (Nyinyi mtasema ni hila. Mimi niliona ni maendeleo.)

Tunakaa nyumba moja, sisi orofani, yeye chini. Miezi miwili nyuma akaiokota dirishani kwangu, akauliza hiki ni nini. Nikamwambia ni chetezo cha umeme, cha kufukizia nguo. Si madukani vimejaa siku hizi? Akakinusa, kikanukia embe na nanaa, akakisifu. Akawasifia na majirani.

Basi leo asubuhi akaniita. Wageni wanatoka Tudor kuja kumposa Mwanaisha, shemeji yangu mdogo, na yeye anataka niwafukize kwa kile chetezo changu, waone kwamba nyumba hii inakwenda na wakati. Nikachoka palepale. Chombo chenyewe usipokivuta mdomoni, hutoa kimoshi chembamba kisichofika popote. (Sasa nikivute halafu niwapulizie wageni usoni?)

Nikashika njia hadi Makadara, kwa bwana mmoja anayeuza vifaa hivi. Nikamwomba koili, kile kichwa kidogo kinachochemsha maji ya ladha, iliyo kali kuliko zote. Akaitazama betri yangu, akaniuliza kwa adabu kama nimelala vizuri. Akanieleza kwamba koili ikiwa na ohm chache, huilazimisha betri itoe umeme mwingi kwa mkupuo, na betri ndogo kama yangu haina ubavu huo, itashika moto. Mimi nisishuke chini ya ohm moja. Nikamwambia nataka ya sifuri nukta mbili. Akakataa katakata. Nikamwambia nyumbani ninayo betri kubwa, ndipo akaniuzia shingo upande. (Uongo wa pili, na jua halijafika utosini.)

Nikaifunga, nikaijaribu chooni. Kubonyeza mara moja tu, wingu! Nikajiona injinia.

Wageni wakafika: mama wa kijana, ami yake, na kijana mwenyewe, Twalib, aliyewaleta kwa gari akashurutishwa kuingia. Kahawa ikanywewa, halua ikaliwa. Bi. Ruqia hakuzunguka, akauliza kama kijana anavuta. Ami akajibu kwa niaba yake kwamba huyu sigara hajui hata inashikwa upande gani. Twalib akainamisha macho. Mwanaisha alikuwa nyuma ya pazia. Amemngoja kijana huyu miaka miwili, na nilimsikia akishusha pumzi.

"Mwanangu," Bi. Ruqia akaniambia, "fukiza wageni."

Nikainuka na kanzu yangu ya pasi. Nikaanza na ami. Wingu likamfunika ndevu zote, akasema mashaallah, udi wa wapi huu? Nikajibu wa Maskati. (Uongo wa tatu. Nilikuwa nimeshazoea.) Nikahamia kwa mama mtu, na hapo nikahisi chombo kina joto. Nikabadilisha mkono, nikaendelea kutabasamu. Nilipomfikia Twalib kilikuwa kama kikaango. Nikaachia kitufe. Moshi haukukoma. Kitufe kimenasa! Kikaanza kulia kama birika, nami nikapiga ukelele ambao mwanamume mzima hapaswi kuupiga mbele ya wakwe, nikakitupa. Kikaangukia zulia la wageni.

Watu wakaganda, isipokuwa Twalib. Aliruka, akakizoa kwa kitambaa cha birika, akafungua kifuniko cha chini, akaitoa betri na kuirusha uani kwenye saruji. Yote hayo mimi bado napuliza vidole. Angenyamaza hapo, angekuwa shujaa wa ukoo mzima. Lakini alikuwa amekasirika, vile fundi anavyokasirika akiona kazi mbovu.

"Kaka, koili hii ni ohm ngapi?"

"Sifuri nukta mbili," nikasema kwa sauti ya chini.

"Kwa betri hii? Ulitaka kutuchoma sote! Mimi yangu ni hiihii na sishuki chini ya moja nukta mbili. Na nikivuta mara tatu, naipumzisha."

Mama yake akamgeukia taratibu. Ami akagundua ghafla kwamba kikombe chake cha kahawa kina maua mazuri. Bi. Ruqia akakitazama chetezo, akamtazama Twalib, kisha akanitazama mimi, na macho yake yakabaki kwangu.

"Kumbe huvutwa," akasema.

Tukatolewa barazani, mimi na Twalib, tukakaa kama watoto waliovunja sahani. Niliona aibu, wallahi, si kwa ajili yangu tu. Nilijiona nimemharibia Mwanaisha maisha kwa koili moja. Twalib hakunilaumu. Alinifundisha tu kusoma kiwango cha betri, nami nikasikiliza, ingawa kwa kuchelewa.

Baada ya nusu saa Salha akatoka na habari. Mwanaisha alitoka nyuma ya pazia akamwambia mamake kwamba yeye anajua tangu mwanzo, Twalib mwenyewe alimweleza, na ameahidi kuacha kabla ya nikaha. Bi. Ruqia akafikiri, akasema kijana aliyemwambia Mwanaisha ukweli, na akaokoa nyumba isiungue, huyo anafaa.

Kwa hivyo msicheke, nawaomba. Posa ya Twalib imekubaliwa. Yangu, yenye miaka minane na watoto wawili, Bi. Ruqia amesema ataifikiria upya.