Mshipa wa Faustin

Jumapili, 26 Juni 1960
Dipanda, uhuru wetu, ni Alhamisi. Nani atabeba bendera ya mtaa wetu wa Kabondo? Mimi, Yakubu, fundi cherehani, mwenye mabega ya kazi hiyo. Mpinzani ni mmoja tu: Faustin, karani, mwembamba kama sindano yangu. Kamati itaamua Jumanne. Ila leo bafuni nimepapasa nikakuta kivimbe. Mahali pa siri, upande wa kushoto. Hakiumi, lakini jana hakikuwapo. Nimeogopa sana. Nikakaa juu ya ndoo mpaka mke wangu, Binti, akauliza kama nimelala humo.

Jumatatu, 27 Juni
Zahanati. Mwanaume wa hadhi yangu hatangazi kwamba ana mshipa, uvimbe wa kule chini, wiki ya dipanda. Nikamwambia muuguzi Dominique kwamba mgonjwa ni Faustin, ana haya, amenituma dawa. Akili ya ukoo wetu hiyo! Dominique akajibu kwamba kivimbe hakitibiwi kwa kusimuliwa. Mwenyewe aje apimwe, upesi, maana vingine ni maji tu na vingine ni vibaya. Dawa sikupata. Lakini Mama Pélagie, muuza majani ya pondu, alikuwa kwenye benchi akisikia yote, naye siri hakai nayo. Bendera ni yangu.

Jumanne, 28 Juni
Mtaa mzima umekwenda kumtazama mgonjwa. Kuku, ndizi, liboke la samaki waliookwa ndani ya majani. Faustin anaapa hana kitu. Wanamjibu pole, mwanaume huvumilia. Kwenye kamati Papa Lukumani, mwenyekiti, akasema mshipa ni ugonjwa wa watu wazito, babu yake alikuwa nao. Tena mtu anayeumwa hivyo na bado anataka kuandamana, huyo anaipenda nchi. Bendera kapewa Faustin. Nikasimama nikasema, “Mushipa iko yangu!” Wakacheka mpaka machozi. Papa Lukumani akasema wivu nao una mpaka: bendera ya mwenzako unaitaka, na ugonjwa wake pia? Kama ni kweli, nilete neno la muganga.

Jumatano, 29 Juni
Nimekwenda hospitali kutafuta neno hilo. Tonton Évariste, assistant médical, yaani tabibu wa hapo, akanipapasa, akamulika tochi, mwanga ukapita. Maji tu, si kitu kibaya. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Kisha nikauliza ukubwa. Yai la njiwa, akasema. Nikamwomba aseme la bata. Alikataa. Akauliza kwa nini sikuja mara moja, nikamjibu nilikuwa na shughuli za taifa. Mchana akanipasua, akayatoa maji.

Alhamisi, 30 Juni
Bendi imepita chini ya dirisha la wodi. Faustin mbele na bendera, anatembea polepole, miguu kaitanua. Ameanza kuuzoea mshipa wangu. Nilitaka kulia, lakini nikajikumbusha: mimi ndiye mtu wa kwanza wa Kabondo kuingia dipanda akiwa amepasuliwa. Hilo Faustin hatalipata.

Ijumaa, 1 Julai
Nicolas, mgonjwa wa kitanda cha pili, ana malaria. Leo kaninong’oneza kwamba ana kivimbe pia, palepale, ameficha kwa aibu na hajui afanye nini. Amepata mtu anayejua mambo. Nimemwambia asiogope, asichelewe hata kidogo. Aende kwa Tonton Évariste leo hii, na aseme ni cha shemeji yake.