Moyo Wangu na Meli ya Angani

Jumatatu, 1 Septemba

Imepita! Imepita juu ya duka langu!

Nilikuwa nyuma ya nyumba, nimeinama, naosha pampu ya mteja. Mara jua likazimika. Nikadhani wingu. Nikainua kichwa. Halikuwa wingu. Ilikuwa meli ya angani, ndefu kuliko kanisa letu la Seeried na makaburi yake yote, inang'aa kama samaki aliyetolewa ziwani sasa hivi. Inakwenda polepole, kama mgeni anayesoma majina kwenye milango. Na kelele? Hakuna! Mvumo tu, kama nyuki kwenye maua ya mtofaa. Wala moshi. Wala harufu ya mafuta. Injini za umeme! Ngozi yake ya mgongoni inakunywa jua na kulishusha kwenye betri.

Mbwa wa jirani, anayebwekea hata jani likianguka, aliketi kitako, akatazama juu, akafunga mdomo. Mimi wangu niliuacha wazi. Bomba likaendelea kumimina maji ndani ya viatu vyangu.

Walburga, mke wangu, alitoka akaniuliza nalia nini. Nikasema sabuni. Akasema pampu haioshwi kwa sabuni, akarudi ndani.

Lazima niipande. Lazima!

Jumatano, 3 Septemba

Habari kubwa kilabuni. Rubani mwenyewe alikuja, Bi Dorothee Amann, mwanamke mrefu mwenye sauti ya mtu asiyeharakishwa na yeyote. Akatutangazia kuwa Jumapili ya sikukuu ya mavuno meli itashuka hapa Seeried. Wanataka kujaribu kama inaweza kutua mahali pasipo na kiwanja cha ndege. Anahitaji shamba lililo wazi. Mwenye shamba atapewa nafasi ya kupanda na kuzunguka ziwa. Nafasi moja tu. Kwingine kote melini kumejaa vyombo vya kupimia.

Mashamba yaliyo wazi ni mawili. Langu, nyuma ya duka. Na la shemeji yangu Xaver, kaka yake Walburga, mkulima wa matofaa.

Xaver hata hataki! Alisema mbele ya wote kuwa umeme ni wa kuchemshia chai. "Betri na mbingu wapi na wapi? Ikizima huko juu, mtachomeka waya kwenye mwezi?" Kilabu kizima kikacheka. Bi Amann hakukasirika. Alieleza kuwa meli kama hizi zitapeleka mizigo mizito milimani ambako barabara haifiki. Zitashusha hospitali nzima palipofurika. Zitakaa juu siku nyingi bila kuchoma tone la mafuta. Xaver akauliza, na usiku je? Akajibu kwamba usiku zitakula zilichoweka mchana, kama sisi sote.

Nywele zilinisimama. Nilisahau hata kunywa.

Tatizo: shamba langu limeinama kidogo. Vizuri, limeinama sana. Na lina mti wa jozi, mjozi mkubwa, katikati. Kwa hiyo shamba la Xaver sharti liharibike.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimeamka kabla ya majogoo. Nimeburuta pampu yangu kubwa kuliko zote hadi kwenye kijito, nikaelekeza bomba shambani kwa Xaver. Kufikia kifungua kinywa palikuwa bwawa. Bata wawili walikuwa wameshahamia.

Nikampigia simu Bi Amann. Nikasema kwa sauti ya majonzi kwamba shamba la shemeji, maskini, limegeuka tope. Akaja adhuhuri. Akatazama. Akaniuliza maji mengi hivi yamefikaje haraka hivi.

Hapo nilipoteleza. Mimi ni muuza pampu. Mtu akisifia maji, mdomo wangu haungoji ruhusa. Nikasema, kwa pampu yangu! Nikaeleza na nguvu zake.

Akapiga makofi! Kumbe meli ikishusha watu huwa nyepesi, nayo hunyweshwa maji ili isipae yenyewe. Walikuwa wakitafuta pampu ya namna hiyo wiki nzima. Udongo wa Xaver ni wa mchanga, tope litakauka kabla ya sikukuu. Basi: shamba la Xaver limechaguliwa, na pampu yangu imeazimwa.

Xaver, ambaye fahari ya shamba lake kuchaguliwa ilimsahaulisha betri, akanikumbatia. Akasema, "Shemeji, kumbe una roho nzuri hivi! Mimi nilidhani wewe ni mjanja mjanja tu."

Sikulala mchana kwa uchungu.

Jumamosi, 6 Septemba

Xaver hapandi. Amempa mama yake ile nafasi! Mama mkwe wangu Kreszentia, anayekaribia miaka tisini, anayeshikwa mkono kwenye ngazi za kanisa!

Nikaenda kumtembelea na keki ya plamu. Nikamweleza kwa upole kuhusu kizunguzungu. Nikamweleza kuhusu baridi ya huko juu, na tai wakubwa. Alikula keki akinisikiliza. Aliimaliza yote.

Kisha akanisimulia habari za baba yake, ambazo sikuwahi kuzisikia, nami nimemwoa binti yake miaka yote hii. Alikuwa mshonaji katika karakana ya meli za zamani, zile kubwa zilizojazwa gesi inayowaka. Mifuko ya gesi ilibandikwa utumbo wa ng'ombe, tabaka juu ya tabaka. Alirudi nyumbani ananuka gundi. Vidole vyake vilikuwa vikavu mpaka vikakwaruza mashavu ya watoto. Hakupanda hata siku moja. Mafundi hawakuwa wakipandishwa. Kila meli ilipoondoka alisimama uani, kofia mkononi, mpaka ipotee.

Nikainamisha uso kwenye sahani. Ilikuwa tupu, hakunibakizia hata kipande.

Akanikazia macho. "Mkwe wangu, niambie kweli. Unataka kupanda wewe?"

Nikacheka. Nikasema, mimi, Mama? Kwenye lile puto? Hata kwa kubembelezwa!

Kwa nini nilisema hivyo? Kwa nini?!

Jumanne, 9 Septemba

Nimeiona kwa karibu! Nilikwenda kwenye karakana ya kina Bi Amann kwa kisingizio cha kupima mdomo wa bomba. Milango ilifunguliwa, nikasimama kama mtu aliyeingia kanisa ambalo paa lake linapumua. Imejaa mle ndani mwote, tumbo lake juu ya kichwa changu, na kwa ukubwa wote ule imezuiwa na kamba chache, inanesa kidogo, kama inawaza. Bi Amann aliniruhusu niiguse. Ni baridi, laini, na ndani yake kuna mtetemo mdogo kama ubavu wa farasi aliyetulia. Aliwasha pangaboi moja. Nikasikia upepo kabla ya kusikia injini. Nilivua kofia bila kujua.

Ningeishia hapo. Lakini nikamvuta pembeni, nikamwambia kuwa nina moyo mbovu. Madaktari wamekata tamaa. Nina haja moja tu duniani, nilione ziwa letu kutoka juu kabla sijafumba macho.

Aligeuka akajifuta machozi. Akasema atafikiria.

Nimerudi nyumbani naimba. Walburga akaniuliza nimekunywa nini.

Alhamisi, 11 Septemba

Balaa. Bi Amann alipiga simu nyumbani kunijulia hali. Aliyepokea ni Walburga.

Nilikuwa juu ya ngazi, nachuma jozi. Walburga akaja mbio bila viatu, uso mweupe. Akaniambia nishuke. Polepole, polepole, hivyo hivyo. Nikashuka. Akanikumbatia pale chini ya mjozi na kulia. Sijawahi kumwona akilia ila kwa vitunguu. Akasema, kwa nini hukuniambia, Gebhard, kwa nini ulibeba peke yako.

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Hata mimi najua ni hapo.

Lakini aliniketisha, akanivua viatu, akaniletea mchuzi wa ng'ombe na maandazi ya nyama niyapendayo, yale makubwa. Nikaona nile kwanza.

Kijiko kiko njiani, mlango ukafunguliwa. Xaver, kofia kifuani. Mama mkwe. Na Bi Amann nyuma yao. Mama mkwe akaketi, akasema tangu Jumamosi ameshaamua kunipa mimi ile nafasi. "Mtu anayeniletea keki ili nisipande, huyo anataka kupanda kuliko mimi. Nilikuwa nikuambie siku yenyewe, ufurahi." Bi Amann akaendelea, sauti ikikatika: sasa haiwezekani. Mgonjwa wa moyo hapandishwi. Ni sheria, wala si yeye aliyeitunga.

Niliruka kutoka kitini. Nikasema mimi mzima! Mzima kama ng'ombe dume! Nilidanganya! Hakuna daktari, hakuna moyo, yaani moyo upo, ila ni mzuri!

Bi Amann alinishika mkono taratibu. Akasema wagonjwa wote wa moyo husema hivyo wakitaka kuruka.

Walburga alinyanyua sahani yangu, na andazi moja bado limo, akaipeleka jikoni.

Wageni walipoondoka ndipo aliposema. Kwamba asubuhi ile, alipokuwa akikimbia bila viatu, alikuwa ameshachagua wimbo wa mazishi yangu. Kwamba alikuwa akijiuliza kitanda kitakuwaje upande mmoja. Akafuta meza mahali palipokwisha kuwa safi.

"Jumapili utakaa na moyo wako mbovu," akasema. "Na blanketi nitakufunika mwenyewe."

Jumapili, 14 Septemba

Nimewekwa kwenye kiti cha kukunja, kivulini. Blanketi magotini. Jua kali! Vijana wote wa kijiji wamepewa kamba za kuipokea meli. Hata mchungaji, mwenye mgongo mbovu wa kweli, kapewa kamba. Nilipoomba moja tu, nilifukuzwa kwa huruma. Watu walipita wakiniletea keki na kunong'onezana. Xaver alisimama kando yangu akinipepea kwa kofia. "Pumua, shemeji. Pumua tu." Ningemng'ata.

Kisha ikaja.

Ilitokea upande wa milima, ndogo kama punje ya shayiri, ikakua, ikakua, mpaka matofaa yote yakaingia kivulini. Bendi ya sikukuu ilikuwa ikipiga. Tarumbeta moja ikaacha. Ngoma ikaacha. Hakuna aliyewaambia. Watu walikuwa wengi shambani na palikuwa kimya mpaka nikasikia tofaa likidondoka kwenye nyasi. Ikashuka wima, mapangaboi yakigeuka huku na huku kama masikio, ikasimama kimo cha mtu kutoka ardhini. Haikutikisa hata jani. Xaver alisahau kunipepea. Akasema kwa sauti ndogo kabisa, "Lo." Halafu akavua na viatu, sijui kwa nini.

Mama mkwe alipanda ngazi bila kushikwa mkono. Alivaa koti la kanisani. Mlangoni aligeuka, akapapasa ukuta wa meli kwa kiganja, taratibu, kama mtu apapasaye shavu la baba yake. Niliona. Sidhani kama mwingine aliona.

Pampu yangu ikanguruma, kisha ikanyamazishwa. Kamba zikaachiwa. Ikainuka. Si kama ndege, kwa hasira. Iliinuka kama mvuke wa chungu. Ikawa juu ya paa, juu ya mnara, na bado mvumo wake ulikuwa mdogo kuliko pumzi yangu.

Sikuweza kujizuia. Nilisimama nikapiga kelele: "Mama! Unaona nini?"

Na sauti ikajibu kutoka juu! Bila kipaza sauti! Kimya kilikuwa kikubwa mno, na dirisha lilikuwa wazi. "Kila kitu! Na nawasikia wote! Nasikia hata kuku wa Xaver!"

Watu wakashangilia. Sauti ikaendelea, wazi, ya mama mkwe anayeita jikoni kwake:

"Gebhard! Toa hilo blanketi! Huna ugonjwa wowote, Walburga kaniambia! Mwongo mkubwa wewe, tukirudi kamata kamba ufanye kazi!"

Shamba zima liligeuka kunitazama. Kicheko kilichofuata nadhani kilisikika ng'ambo ya ziwa. Xaver alikaa chini kabisa. Mchungaji alijishika mbavu kwa mikono miwili.

Nimesutwa na mbingu mbele ya kijiji kizima. Na la ajabu: sikuona aibu. Sikuwa na nafasi ya aibu. Nilikuwa nikitazama. Ilikuwa imefika juu ya maji, jua limeigeuza dhahabu, na kivuli chake kikitangulia mawimbini. Mkono mmoja mkavu ulikuwa ukitupungia dirishani. Walburga alikuja akasimama karibu nami. Akakunja blanketi. Bado hakuwa amenisamehe, nilijua kwa namna alivyolikunja. Lakini alitazama juu, akashika kiwiko changu, na hakukiachia mpaka meli ilipopotea nyuma ya rasi.

Mama mkwe aliporudi alisema ziwa ni la kijani katikati, hakuwahi kujua. Nikamsindikiza nyumbani. Mlangoni akaniomba radhi, akasema hakufurahia sana safari kwa kuwa ilikuwa nafasi yangu. Akafikiri kidogo. Akasema hapana, alifurahi sana.

Jumatano, 17 Septemba

Siku tatu za toba. Nimemfagilia Walburga ua. Nimemwambia Bi Amann ukweli wote kwa simu, akacheka mpaka akakohoa. Nimeahidi kanisani kwamba sitasema uongo tena maishani. Mchungaji aliniombea kwa muda mrefu kuliko wengine.

Mchana huu Xaver, ambaye sasa haongei kingine ila meli za umeme, ameleta habari. Masika watavuka milima, safari ya siku nyingi bila kutua, kupeleka mizigo kwenye nyumba za juu kule. Wanatafuta mpishi wa melini.

Nimempigia Bi Amann papo hapo. Nimemwambia kuwa ujanani nilipika melini kwa miaka mingi, baharini, mawimbi makubwa, mabaharia wakilia kwa utamu. Amesema niende Ijumaa nimpikie chakula cha mchana.

Ni rahisi. Nimekwenda jikoni kumuuliza Walburga, kwa njia ya mbali tu, mtu anajuaje kama kiazi kimeiva.

Ameweka kisu chini. Ananitazama mpaka sasa.