Ile Ni Chai Tu

Jumatatu, 3 Machi

Siku yangu imefika! Ijumaa wageni wanaofadhili utafiti wetu wanakuja Kisumu. Profesa Saumu, mkubwa wetu, ametangaza kwamba kunaanzishwa kitengo kipya cha usalama wa dawa, na atakayewaeleza wageni vizuri ndiye atakayekiongoza. Kitengo! Na ofisi yenye dirisha la kutazama ziwa!

Tuko wawili tu. Mimi, Zadock Oluoch, mkongwe wa famakolojia, ile sayansi ya dawa, mwenye sauti ambayo kwaya ya kanisa haiwezi kuimba bila yake. Na Lorine Nasike. Huyo alikuja juzi tu. Bado anapotea akitafuta choo.

Kazi yetu si ngumu kuieleza. Mtu anameza vidonge vya hospitali, akifika nyumbani anakunywa mitishamba, na viwili hivyo vinagombana ndani yake. Tunataka kujua vipi vinagombana, mtu asije akafa. Shida ni kwamba wagonjwa hawasemi! Ukimuuliza anatumia dawa gani nyingine, anakuapia kwa jina la Mungu kwamba hakuna. Watu wana shida, jameni.

Nimeshanunua suti pale soko la Kibuye. Ya mtumba, lakini ukiiona utadhani waziri aliivua jana. Koti limenikaa. Suruali imekataa. Kifungo na tundu lake vinasalimiana kwa mbali. Debra, mke wangu, amesema niirudishe. Nimemwambia suti hairudi, litakalorudi ni tumbo.

Jumanne, 4 Machi

Kibuye tena. Mama Rosa, anayeuza majani na magome makavu karibu na wauza viatu, amenipa pakiti ya kuondoa tumbo. Amesema nichemshe, ninywe asubuhi na jioni, na Ijumaa nitajifunga mshipi wa kijana. Nikasita kidogo, maana mimi ni mtaalamu. Akacheka. Akaniambia, Jaduong', mzee wangu, hii si dawa, ni chai tu. Basi! Kama ni chai ni chai.

Chungu ajabu. Nimeimezea kidonge changu cha presha, kwa nini nipoteze maji ya bure?

Halafu Lorine. Nimemwambia Profesa anataka mahojiano mapya kutoka mtaa wa Obunga kabla ya Ijumaa. Profesa hajasema hivyo. Lakini watu wa Obunga wamechoka na maswali yetu. Mimi mwenyewe nilizunguka huko juani nikarudi na "hapana" tupu. Naye aende akavune hapana zake. Alinishukuru, maskini.

Jumatano, 5 Machi

Chai inafanya kazi! Nimeshinda chooni. Mkutanoni nilitoka na kurudi, nikatoka tena, hadi Profesa akaniuliza mbele ya watu kama kuna mtu nimemficha huko nje. Nikasema ni simu. Kifungo leo kimekaribia tundu kabisa.

Habari mbaya: Lorine amerudi kutoka Obunga anameremeta. Amepata majibu tele! Profesa akamuuliza amewezaje. Akasema yeye haulizi habari ya dawa hata kidogo. Anauliza tu, Mama, leo asubuhi umekunywa nini, na nani aliipika? Basi mtu anafunguka. Kuna mama mmoja aliyeapa hatumii dawa yoyote ya kienyeji, kumbe kila siku anakunywa kikombe cha magome pamoja na vidonge vya hospitali. Alipoulizwa mbona hakusema, alishangaa. Akasema ile si dawa, ni chai.

Nilicheka! Mtu mzima, anaita dawa chai! Nilicheka hadi nikashika ukuta. Ukuta nao ulikuwa unasogea kidogo. Ni kicheko hicho.

Profesa hakucheka. Alimpigia Lorine makofi. Eti makofi, kwa kuuliza habari za chai!

Alhamisi, 6 Machi

Uamuzi umetoka. Ijumaa nitaanza mimi kwa sababu ya umri, halafu atazungumza Lorine, wageni wapime wenyewe. Vizuri sana. Wageni wana ndege ya saa nane. Nitazungumza polepole. Nitaanza na historia ya vidonge tangu zamani, nitapitia kwa babu yangu, na nikifika kwenye matokeo watu watakuwa wanatafuta mabegi yao. Lorine atabaki na karatasi zake mkononi.

Nimeongeza chai. Vikombe viwili kwa mpigo.

Nilipoinuka kitandani, chumba kilizunguka, ikabidi nikae tena. Debra amesema, Baba Mark, umekuwa na rangi ya majivu, nenda ukapimwe. Nikamwambia kazi yangu mimi ni usalama wa dawa. Akajibu, mganga hajigangi. Nimenuna hadi saa hii. Mwanamke anamtupia mumewe methali usiku wa kuamkia ushindi wake!

Lakini kifungo kimefunga! Kimefunga chenyewe, bila kuvuta pumzi!

Ijumaa, 7 Machi

Naandika nikiwa kitandani, hospitalini. Maji yananiingia kwa mkono wa kushoto.

Nilianza vizuri. Suti ilikuwa inang'aa. Nikasema, wageni waheshimiwa, adui wetu mkubwa ni mgonjwa anayetuficha. Wakatikisa vichwa. Nikafika kwa babu yangu. Hapo wageni wakawa wengi kuliko viti. Nikashika meza ya kuhutubia, meza ikakubali kuandamana nami, tukaenda chini wote wawili. Nilisikia suruali ikipasuka. Halafu sikusikia kitu.

Kufungua macho, bado niko sakafuni pale ukumbini, Debra ananishika mkono, analia. Alikuwa amekuja kuniona nikishinda. Niliogopa. Nasema kweli, niliogopa sana. Muuguzi alinipima presha, akakitikisa kipimo akidhani kimeharibika, akanipima tena.

Profesa akaniuliza natumia dawa gani. Nikasema kidonge cha presha. Akauliza, na nyingine? Nikasema hakuna. Akauliza tena, wageni wote wamenizunguka. Nikaapa kwa jina la Mungu kwamba hakuna.

Basi Lorine akachuchumaa karibu yangu. Akasema taratibu, Mzee, leo asubuhi umekunywa nini?

Nikasema chai.

Akauliza, nani aliipika?

Nikasema nimeipika mwenyewe, majani ni ya Mama Rosa wa Kibuye, lakini ile ni chai tu.

Nikayasikia maneno yangu. Mayo, mama yangu! Halafu mgeni mmoja akaanza kupiga makofi.

Debra ananiambia Lorine alimalizia mazungumzo mimi nikiwa bado nimelala pale mbele, tukisubiri gari. Akaeleza kwamba majani yale yanashusha presha na kukojoza, kidonge nacho kinashusha, ndiyo maana mtu anaanguka. Alinionyesha kwa kidole. Wageni hawakutazama saa hata mara moja.

Jumapili, 9 Machi

Niko nyumbani. Kitengo amepewa Lorine. Na dirisha pia.

Alikuja kunipa pole na samaki mkubwa. Hakunisema hata habari ya Obunga, na najua Profesa alishamwambia kwamba hakuyaagiza mahojiano yale. Hilo liliniuma kuliko kuanguka. Aliniomba ruhusa ya kutumia kisa changu akienda kufundisha manesi. Nimekubali, mradi aseme nilikuwa nimevaa suti.

Debra amemwaga chai yote nyuma ya nyumba. Amenishikisha Biblia, nikaapa sitakunywa tena kitu chochote cha Mama Rosa. Niliapa kwa moyo wote. Mtu hujifunza! Na nikijipanga vizuri, Lorine atahitaji naibu. Naibu mwenye nguvu, asiye na rangi ya majivu.

Jioni Mama Rosa, aliyesikia yaliyonipata, amenitumia pole na kifurushi cha mizizi ya kurudisha nguvu. Nikaigeuza, nikainusa, nikafikiria kiapo changu. Kumbe hii haichemshwi hata kidogo. Ni ya kutafuna tu.

Nimetafuna miwili, nikasukumia na kidonge cha presha. Ina ladha ya karanga. Kesho Lorine aniulize anavyotaka nimekunywa nini. Nitamwambia kweli tupu: sijakunywa kitu.