Leza Isimguse Mjukuu Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Naandika kwa kalamu nene. Si kwamba sioni! Kalamu nyembamba za siku hizi zina wino mwepesi.

Daktari wa moyo amenionya nisipange mambo ya mbali. Sawa. Nitapanga ya karibu. Na kwa kuwa safari yangu imeiva, nitaungama kila kitu humu, bila kumwomba mtu msamaha.

Jambo lenyewe ni hili: mjukuu wangu anataka kupigwa leza machoni. Amepata nafasi kikosi cha zimamoto, na miwani eti haikai ndani ya barakoa ya moshi. Mimi nimekuwa fundi miwani miaka hamsini. Tangu alipokuwa mdogo, akiamkia kabati la nguo akidhani ni shangazi yake, kila miwani aliyovaa nimeikata mimi. Nikifa, nataka abaki na kitu changu usoni. Sasa yule daktari wa kliniki ya ng'ambo ya barabara, ninayemwita Bwana Mwanga, anataka kunifuta kwa dakika chache!

Nimemwambia mjukuu kwamba macho si kuni, hayachomwi. Akacheka, akaniita mume wangu mzee, akasema leza haichomi bali inachonga kioo cha mbele cha jicho ili picha itue mahali pake. Kana kwamba sijui! Asiyeona mbali, jicho lake ni refu mno, picha inatua kabla ya kufika ukuta wa nyuma. Miwani yangu inaisogeza ifike. Bila kumgusa mtu!

Jumanne, 4 Machi

Nimepata mbinu. Bwana Mwanga hamfanyii mtu ambaye macho yake bado yanabadilika. Hulinganisha namba ya miwani na namba ya jicho lenyewe. Zikitofautiana, anamrudisha nyumbani asubiri mwaka. Mimi sina mwaka, lakini angalau nitakufa mshindi.

Miwani ya mjukuu ilikuwa dukani, vioo vimekwaruzika. Duka siku hizi ni la binti yangu, mama yake, ila kiti cha nyuma bado ni changu. Binti alipotoka kidogo, nikavuta droo ya lenzi. Namba ya mjukuu ni tatu. Nikachukua bahasha ya tatu na nusu. Nikakata, nikasaga kingo, nikabana kwenye fremu. Macho yanaweza kuzeeka, vidole havijasahau. Mjanja ni mjanja hata akiwa na mkongojo!

Alhamisi, 6 Machi

Balaa! Mjukuu karudi kutoka kliniki akirukaruka. Miwani na macho, sawasawa. Tatu kwa tatu. Bwana Mwanga kasema hajawahi kuona lenzi zilizokatwa kwa usahihi namna ile, na anamsalimu fundi. Salamu zake abaki nazo!

Nikaichakura ile bahasha kwenye kapu la taka, nikaipeleka mlangoni kwenye jua, nikaisogeza mpaka ikagusa pua. Tatu. Tena kwa mwandiko wangu mwenyewe. Binti akauliza nanusa nini. Nikasema taa ya duka ni mbovu. Akasema taa ni mpya. Nikamwambia ndiyo maana.

Ijumaa, 7 Machi

Nimevuka barabara kwenda kuwatisha wateja. Palikuwa na kijana nadhifu kasimama kwenye kona ya chumba cha kusubiri. Nikamnong'oneza kwamba baada ya leza macho hukauka, na taa za usiku huweza kuota mduara. Akatabasamu. Nikamwuliza kama mama yake anajua alipo. Tabasamu lilelile. Kijana gani huyu asiyejibu wazee! Nikamgusa na mkongojo. Akaanguka chali, bapa kama mlango.

Tangazo. La kadibodi. Kimo cha mtu.

Bwana Mwanga akatoka, akaniamkia kwa adabu mbaya sana ya kunihurumia, akanikalisha na kunipachika kidevu kwenye mashine. Mtoto wa jicho, kasema, macho yote mawili, na ni wa siku nyingi. Nikamwambia basi apige hiyo leza yake tumalizane. Akasema ile ya mjukuu huchonga kioo cha mbele, na tatizo langu liko ndani: lenzi niliyozaliwa nayo imefanya ukungu, dawa ni kuitoa na kuweka ya bandia. Miaka hamsini nimeuza lenzi, leo nipandikizwe moja kama mche! Nikamwambia nitazikwa na hizihizi.

Jumamosi, 8 Machi

Ushindi! Mjukuu ametangaza kwamba hafanyiwi kitu mpaka mimi nifanyiwe. Babu akikataa, na yeye basi. Nikauliza, na zimamoto je? Kasema nafasi atapewa mwingine. Sijainua hata mkongojo na nimeshinda! Nimejiongezea sukari kwenye chai. Marufuku, lakini mshindi haulizwi.

Jumapili, 9 Machi

Mjukuu kaja kukaa kando yangu, akipenga kamasi. Nikamwuliza kama analia. Akasema, babu, si utazame mwenyewe.

Nikatazama. Miwani niliiona, maana iling'aa. Yeye sikumwona.

Sijabadili msimamo! Ila nimekumbuka jambo moja la ufundi, na jambo hilo linahitaji mtu anayeweza kusoma bahasha. Nimekubali upasuaji. Ni mbinu. Binti kauliza mbinu gani, nikamwambia mkubwa haulizwi.

Jumatano, 2 Aprili

Jicho la kulia limefunguka. Kuta za duka ni za kijani! Binti ana mvi, na hakuniambia.

Mjukuu alipigwa leza juzi. Leo kaja uso mtupu, akisoma kwa sauti namba za magari ya ng'ambo ya barabara kama mwendawazimu. Kando ya pua ana vishimo viwili, pale fremu zangu zilipokaa miaka yote hiyo. Kasema vitafutika. Ni mzuri kweli. Sitaandika zaidi kuhusu hilo.

Alipoondoka, nikavuta droo. Bwana Mwanga mwenyewe amekiri: leza haizuii uzee. Akivuka arobaini, lenzi ya ndani itakakamaa kama ya kila mtu, ataanza kushika simu mbali kana kwamba inanuka. Nikachagua bahasha ya lenzi za kusomea, nikaisoma mara mbili kwa jicho la Bwana Mwanga, nikakata miwani yenye fremu nyekundu kama gari la zimamoto.

Nimempa binti aifiche mpaka siku hiyo. Kasema, Baba, hiyo ni miaka ishirini ijayo, utakuwa hupo. Nikamwambia ampe tu bila neno. Kucheka nitacheka mwenyewe, hukohuko nitakakokuwa.