Mlango Unaotazama kwa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Afisa wa leseni kaja na utepe. Sheria mpya: baa zisikae karibu na shule. Kapima kutoka geti la chekechea hadi mlango wangu. Umbali hautoshi. Nikamwomba apime tena, taratibu. Haukuongezeka.

Mama watoto alikuwa anafagia, kasikia yote. Kasema nikikosa wateja wiki nzima, chumba anakichukua yeye, auze chai na uji. Uji! Miaka yote nimesimama kaunta hadi miguu imevimba, leo nikoroge uji. Nimechoka hata kabla ya kupambana.

Nikamuuliza afisa umbali unaishia wapi. Kasema mlangoni. Basi. Mlango si mlima, unahamishika.

Jumatano, 5 Machi

Fundi kaziba mlango wa mbele, katoboa wa nyuma. Sasa mteja anazunguka mtaa mzima, anaingilia uchochoroni. Afisa kapima, kakuna kichwa, kagonga muhuri. Nikamwambia sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Hakucheka.

Mama watoto kaniuliza kama nimeangalia mlango mpya unatazama wapi. Nikamjibu unatazama maendeleo.

Ijumaa, 7 Machi

Unatazama kibaraza cha mama mkwe.

Mkunga mstaafu, yule. Nusu ya wateja wangu kawapokea yeye duniani. Muuza nyama ndiye wa kwanza kufika. Kamwona, kaamkia shikamoo, imebidi. Bibi kaitikia marahaba, kamuuliza mkewe na ujauzito wanaendeleaje, na yeye anaelekea wapi jua hili. Muuza nyama kasema anapita tu. Akapita kweli, hadi kwake. Dereva wa lori naye kaulizwa hali ya mama yake. Kageuza palepale, kwenda kumwona.

Hajamsema vibaya hata mmoja. Angewatukana ingekuwa nafuu, mlevi akitukanwa kiu huzidi. Kodi ilipopandisha bei, walinung'unika wakanywa. Saa zilipopunguzwa, wakanywa mbiombio. Serikali nzima imeshindwa. Bibi mmoja na salamu zake, baa nyeupe.

Jumamosi, 8 Machi

Nimempelekea mama mkwe redio, ajifungie ndani asikilize taarabu. Kanibariki sana, kaniita mkwe mwema. Kisha kaitoa kibarazani. Sasa wamekaa mabibi sita. Wote wanajua kuamkiana.

Jumatatu, 10 Machi

Nimetundika turubai uchochoro mzima, mteja apite bila kuonekana. Muuza nyama kajipenyeza, kakaribia kabisa mlango, kakohoa. Sauti ikatoka upande wa pili: hicho kifua anakijua tangu kikiwa na siku tatu, aende nyumbani apakwe mafuta. Kaenda.

Jioni mama mkwe kanishukuru kwa kivuli. Kasema na mvua ikija itamfaa, maana paa lake linavuja ndani. Mama watoto kasema hilo paa analishughulikia yeye. Nina yangu.

Jumatano, 12 Machi

Wiki imekwisha. Mama watoto kamwita fundi yuleyule, kazibua mlango wa mbele. Uji hauna sheria ya umbali. Asubuhi wazazi wametoka kuacha watoto chekechea, wamejaa benchi zangu. Muuza nyama kaja na mkewe, kanywa vikombe viwili, hakuniangalia usoni.

Mimi nimebakizwa nyuma ya pazia na kreti zangu. Jumamosi zinarudishwa kwa msambazaji, kasema mama watoto. Kisha kaniletea kikombe, kaniambia nikae, miguu ipumzike. Uji wake mtamu, sikatai. Nikapumzika kidogo, na moyo ukatulia. Nilitamani niache mambo haya yote.

Ijumaa, 14 Machi

Nimepata akili nyingine.

Kikombe cha uji hakionyeshi kilichomo. Natoboa kidirisha, napitishia vikombe vyangu vya bia chumba cha pili, mteja anakaa huko kwa raha zake. Hapiti geti la shule, hapiti kibaraza. Mbele wamekaa wanywa uji, nyuma kuna mama mkwe, kushoto ni barabara. Umebaki ukuta wa kulia, wa stoo. Na bahati yangu, mama watoto ameshaisafisha stoo, kapaka chokaa, kaingiza kitanda na kiti cha uvivu. Kasema kuna mtu anahamia kesho, mtu mzima, anakaa moja kwa moja. Alitaka kunitajia nani, nikamkatiza. Mgeni ni mteja.

Fundi kaniuliza mara mbili kama nina hakika na ukuta huo. Wivu tu. Kidirisha kimekaa vizuri, usawa wa mtu aliyekaa kitini. Juu ya kitanda nimeona redio, inafanana kabisa na ile niliyonunua mimi. Mgeni anapenda muziki. Tutaelewana.