Mdudu wa Mwalimu Kafa Mikononi Mwangu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Na leo tena hajatoka! Kajifungia humo kwenye utando wake. Panzi niliyemtupia anatembea juu kama yuko barabara ya Mbinga. Kwaresima inaanza keshokutwa, yeye keshafunga.

Edna, mkwe wangu, andika vizuri. Sema ni buibui wa Mwalimu Brayson, mpangaji wangu. Mkubwa, mwili manyoya, anakaa kwenye boksi la kioo. Huo utando ni mzito, unajaza boksi lote kama pamba ya godoro. Mwalimu kaenda semina Tunduru, kaniachia. Kasema mlishe, mpe maji, utando usiguse, ndiyo nyumba yake.

Fausta, jirani, kapita. Kachungulia. Kasema Jumamosi jumuiya inasali kwako, dada, na utando umejaa mpaka sebuleni? Huyo Fausta! Akija kusali macho yake yako darini, anatafuta utando wa watu. Halafu ana chumba cha vigae, anamwonyesha Mwalimu wangu kila akipita. Mwalimu akihama nitafanyaje mimi? Tangu mzee wangu aende, ndiye pekee anayesikiliza hadithi zangu mpaka mwisho. Edna ananisikiliza kwa kuwa ni mkwe, hana pa kukimbilia. Andika na hiyo.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimesafisha! Nyumba gani hiyo haifagiliwi? Nimeuzungusha utando kwenye kijiti, ukatoka wote. Mdudu kanyanyua miguu ya mbele, kanionyesha meno. Nikamwambia tulia, baba, unafanyiwa usafi.

Kioo kinang'aa. Fausta aje sasa.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Yesu na Maria! Asubuhi nimemkuta chali. Miguu juu, kimya. Nimembishia hodi kwenye kioo, wapi.

Edna kasema mama, mpigie Mwalimu umwambie ukweli. Watoto wa siku hizi! Ukweli una haraka gani? Nimepanda bajaji mpaka Maposeni kwa shemeji yangu Tadei. Ghala lake la mahindi lina mabuibui tangu enzi ya baba yake. Nikamwambia nataka mmoja mkubwa, mweusi, manyoya. Tadei kacheka mpaka kashika mlango. Kasema shemeji, wenzako wanakuja kuomba mahindi, wewe unaomba wadudu? Unapika nini huko mjini? Kila tuliyemwona ana miguu ya uzi. Ningempaka masizi, lakini manyoya nayatoa wapi? Nimerudi mikono mitupu, nasali njiani, naomba Mwalimu asipate gari.

Nafika, nachungulia. Wawili!

Mmoja kalala, mkavu, mtupu. Mwingine kasimama pembeni, mbichi, anang'aa. Nimekaa chini palepale. Edna ndiye kampigia Mwalimu, mimi sauti haitoki. Mwalimu kacheka kwenye simu. Kasema bibi, hajafa, kajivua ngozi, wakijivua wanalala chali. Yule mkavu ni ngozi tu. Muache apumzike. Kisha kauliza utando wake uko salama? Nikapata sauti. Nikamjibu nani ataugusa, baba.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Jumuiya imesali. Fausta kakagua dari yote, hakukuta kitu. Akainama kwenye boksi, mdudu akatembea, na Fausta akaitikia "Utuhurumie" kwa sauti ya juu wakati sisi tulishafika Amina.

Mwalimu karudi. Kaona utando mpya mwembamba, kaniangalia, kamwekea mdudu maji. Baadaye, tukinywa chai, kasema Fausta alimwambia chumba anampa ila mdudu abaki nje. Kamkatalia. Kasema wapi tena atampata bibi wa kukaa na buibui bila kupiga kelele? Nimemwongeza muhogo. Moyo wangu sasa mwepesi, ningeweza kucheza ngoma ya lizombe na magoti haya haya.

Ila mvua ya leo, baridi! Na yule mdudu ana ngozi changa, kama mtoto katoka kuoga. Mwalimu kajilaza, kachoka na safari, nimsumbue ya nini? Nimelibeba boksi mwenyewe nimelipeleka jikoni, karibu na mkaa, nikalifunika kitenge. Mwalimu kasoma, sawa, lakini kulea kalea nani? Watoto saba mimi, wote niliwalea na...

Huyo ananiita. Anasema bibi, boksi liko wapi?

Abee, baba! Nakuja!