Sifuri ya Kujitakia

Jumatatu, 3 Machi
Darasa la watu wazima limefunguliwa hapa kwenye kambi yetu ya wajenzi, ndani ya banda la saruji. Wafadhili wametangaza: wanatupima leo, watatupima tena mwisho, na atakayepiga hatua kubwa kuliko wote atapewa likizo na nauli ya kwenda kwao. Mjukuu wangu ameanza kutembea na sijamtia machoni. Nikawaza. Hatua kubwa huanzia chini! Shule niliiacha darasa la tano, kusoma najua. Nikaishika karatasi ya mtihani juu chini, nikaikodolea macho. Sifuri safi. Mwalimu, binti wa umri wa mwanangu, akanipa pole. Nusura nimkumbatie.

Jumatano, 12 Machi
Benchi la darasani limepakwa rangi. Juu yake kibao cha herufi kubwa: RANGI MBICHI, USIKAE. Mwalimu ananitazama. Ningefanyaje? Nikakaa. Suruali yangu pekee isiyo na kiraka sasa ina mistari ya kijani. Mama Jikoni, mpishi wetu, alicheka hadi akashika mbavu. Kisha akahamia karibu yangu, eti anisaidie. Naye ndiyo kwanza anaanza! Anasema anataka kitu kimoja tu. Ujumbe wa binti yake kwenye simu husomewa na nyapara, na kabla chai haijachemka kambi nzima inajua.

Alhamisi, 20 Machi
Balaa. Nyapara kasikia habari za sifuri yangu. Kasema asiyejua kusoma hawezi kuendelea kukaa stoo kugawa rangi na misumari. Kuanzia leo nabeba zege. Nikafungua mdomo nijitetee, nikaufunga. Likizo kwanza. Naandika nimelalia tumbo, mgongo hautaki kuguswa.

Ijumaa, 16 Mei
Mtihani wa mwisho. Sikubakiza kitu. Nilijibu yote, nikamaliza kabla ya wenzangu, na nyuma ya karatasi nikawaandikia wafadhili shukrani ndefu kwa mwandiko wa kuunganisha. Mama Jikoni alikuwa bado anaburuta kidole chini ya mstari wa kwanza, midomo ikicheza. Nilimwonea huruma. Kidogo tu.

Jumanne, 20 Mei
Likizo hakuna. Wafadhili wamesema hakuna binadamu anayetoka sifuri hadi huku kwa muda mfupi hivi, kwa hiyo mwalimu ametufanyia mtihani. Nikasimama, nikasema nilijua kusoma tangu mwanzo. Wakaandika: basi hakufundishwa kitu. Darasa halina faida, limefungwa. Mwalimu alikusanya chaki zake, akaniaga kwa heshima. Afadhali angenitukana.

Jumapili, 25 Mei
Mama Jikoni kanijia na simu. Maneno mafupi anayaweza, marefu yanamshinda, na kwa nyapara hataki kurudi. Nikaanza kumsomea: "Mama, kwa kuwa sasa unajisomea mwenyewe, haya ni ya sisi wawili tu."
Nikamrudishia simu.
"Endelea, baba," akasema. "Nimpe nani mwingine?"
Nikasoma hadi mwisho, kwa sauti ya chini, bila kumtazama. Yaliyomo siyaandiki hapa. Alinishukuru, akarudi kwenye masufuria yake. Chakula alichonipakulia sikukimaliza.

Jumatatu, 2 Juni
Zege bado. Wafadhili wengine wameleta darasa la ushonaji kwenye banda lilelile. Nao watapima mwanzo na mwisho, nao zawadi ni likizo. Kosa langu sasa nimeliona wazi: nilipanda kwa pupa! Cherehani naijua, marehemu baba alikuwa fundi nguo. Safari hii nitapanda taratibu. Leo nimeanza vizuri, nimeshona mkono wa shati langu pamoja na kitambaa cha mtihani. Mwalimu mpya akanipa pole. Mama Jikoni, aliyekaa jirani, aliutazama ule mkono, akanitazama usoni, akanyanyua kiti chake na kuhamia upande wa pili.
Wivu tu.